Nyama Iliyoamshwa

Mkinikuta siku moja ndani ya supermaketi nimeinama juu ya kaunta ya nyama, pua yangu karibu kugusa kioo, msinicheke wala msinisukume. Kazi niliiacha, lakini pua haikukubali kustaafu.

Ninyi watoto wa siku hizi mnaingia dukani, mnaona taa zinang'aa, mnaona muuzaji amevaa kofia nyeupe, mnaona nyama imelazwa kwenye kisahani na kufunikwa plastiki, basi mnaona mambo yamekwisha. Mnachagua nyama kama mnavyochagua sabuni. Mimi nilisimama upande wa pili wa kioo hicho tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zilipoamua vinginevyo, na sijaona hata siku moja kioo kikiponya nyama. Kioo kinazuia mkono wako tu. Na kila kitu kinachozuia mkono wa mnunuzi, mimi nakitilia shaka.

Jina langu ni Kavira. Nilizaliwa Butembo, ndoa ikanileta Goma, na sasa nakaa mtaa wa Katoyi na mjukuu wangu Masika, anayeniita Koko, yaani bibi, niliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mume wangu alikuwa dereva wa malori, kwa hiyo nilijifunza kushuku nyumbani kabla sijalipwa kushuku kazini. Duka nililofanyia kazi liko upande wa Birere. Jina lake sitalitaja, kwa sababu bado liko wazi na mwenye nalo bado ana masikio.

Aliyenifundisha kazi ni Muzee Saidi, fundi wa kisu, mzaliwa wa Kasongo. Duka lilimweka yeye kwenye kuchinja ili Waislamu wanunue kwa amani, na sisi Wakatoliki tulinunua kwa amani zaidi, maana hatukuwahi kumwona akikata nyama kabla hajainusa. Alikuwa mwembamba, mkimya, na hakumwamini hata mfalme. Siku ya kwanza nilipofika aliniuliza kama ninaweza kunusa vizuri. Nikamwambia nina mafua. Akanirudisha nyumbani mpaka yapone.

Niliporudi alinipa somo moja ambalo nimelibeba mpaka leo. Alisema, "Mama Kavira, usishuku mutu. Mutu anaweza kukuapia mpaka ulie. Shuku nyama. Yenyewe haijui kuapa."

Sasa niwaeleze ugonjwa wetu sisi watu wa huku, maana bila huo hamtaelewa hata neno moja la ninayotaka kusema. Sisi tunapenda nyama ya moto. Mama wa Goma akifika kwenye nyama, kitu cha kwanza anaweka mgongo wa mkono juu yake. Ikiwa na joto, uso unafunguka: hii ni ya leo, imechinjwa asubuhi. Ikiwa baridi, anafyonza meno na kuondoka: hii imekufa zamani, imelala ndani ya frigo. Nimewaona wanawake wenye akili timamu, wanaojua kuendesha biashara mpaka Dubai, wakikataa nyama nzuri kwa sababu ilikuwa baridi jinsi inavyotakiwa kuwa.

Duka letu lilipoleta chumba cha baridi, yaani kile chumba kizima kinachofanya kazi kama frigo, tulifikiri tumeokoka. Mbuzi alichinjwa alfajiri, akatundikwa mle ndani, akapoa polepole, na nyama ikatoka safi. Siku ya kwanza nikamwambia mteja ukweli, kwamba nyama hii imepoa vizuri tangu jana. Aliniangalia kama nimemtukana. Akaenda kununua kwa jirani, nyama iliyokuwa juani tangu asubuhi, na alipopita mbele yetu aliinua mfuko wake ili niuone.

Patron wetu, mwenye duka, akatafuta dawa, na dawa hiyo ndiyo ninayotaka muijue. Sisi wenyewe tuliiita kuamsha nyama. Asubuhi unatoa nyama kwenye chumba cha baridi, unaitundika karibu na mlango jua linapoingia, unaiacha itoke jasho. Ikichelewa, unaipitishia kitambaa chenye maji ya uvuguvugu. Na kama kuna damu ya mbuzi wa siku hiyo, unaipaka kidogo pembeni. Saa nne inapofika, nyama inafanana na iliyochinjwa sasa hivi. Wamama wanakuja, wanaweka mgongo wa mkono, wanatabasamu, wananunua. Isiyonunuliwa inarudi baridini jioni, na kesho yake inaamshwa tena. Kuna paja moja ambalo Muzee Saidi alisema linaamka mapema kuliko mwadhini.

Mnaona jinsi shaka ilivyogeuzwa miguu juu? Tulishuku baridi, tukaamini joto, na joto ndilo linaloharibu nyama. Watu wanasema Goma ni mji wa baridi. Labda kwa binadamu. Liulizeni paja lililotundikwa mlangoni saa saba mchana, jua liko utosini na mawe meusi ya volkano yanapandisha joto kutoka chini, litawapa habari nyingine. Nyama inayopoa na kupashwa na kupoa tena inaharibika kuanzia ndani, karibu na mfupa, mahali ambapo mkono wako haufiki.

Kwa hiyo mkono wenu uachieni watu wa kusalimiana. Kwenye nyama tumieni kidole. Bonyeza mahali palipo na nyama nene. Nyama nzuri inarudi mahali pake, nyama iliyochoka inabaki na shimo. Angalia kingo: zikiwa zimekauka na kuwa nyeusi huku katikati panang'aa kwa maji, ujue imeoshwa uso. Angalia inachovuja, maana nyama iliyoamshwa inatoa maji mekundu mengi, kisahani kinajaa. Kisha mwombe muuzaji aikate mbele yako mpaka kwenye mfupa, na unuse pale, si juu. Akianza kukuambia kisu hakikati, msalimie na uende ukanunue maharagi.

Taa nayo msiiamini. Kuna taa zenye wekundu wanazotundika juu ya kaunta, na chini yake hata kiatu kinaonekana kitamu. Muzee Saidi alikuwa akisema nyama na kitambaa cha kikwembe vyote vinaangaliwa nje. Omba ukaione mlangoni. Watakuona mtu wa maneno mengi. Vizuri, waache wakuone hivyo, siku nyingine hawatakujaribu.

Nyama iliyosagwa tayari mimi siigusi. Nionyeshe kipande, osha mashine, saga nikiona. Karatasi ya bei ipitishie ukucha pembeni, uone kama ina dada yake chini, yenye tarehe ya zamani. Na ukipita kwenye friza ya samaki, hata kama hununui samaki, angalia ndani: ukikuta pakiti zimeshikana kuwa jiwe moja na barafu imetuama chini, umeme ulikatika, kila kitu kikayeyuka, kisha kikaganda upya. Samaki hao wanakusimulia habari za nyama ya jirani yao. Umeme ukikatika ukiwa dukani, nyamaza usikilize jenereta. Usipoisikia, uliza nyama imekaa hivyo tangu lini, na umwangalie anayejibu.

Nzi sasa. Hii ni kesi ndefu. Mjini mwetu watu wanaamini kwamba nyama isiyokaliwa na nzi imepakwa dawa ya maiti. Nilikuwa na mteja mmoja aliyesimama mbele ya kaunta akingoja nzi atue, na asipotua hanunui. Alisimama pale kama anangoja gari la Sake. Nilimweleza mara nyingi kwamba nzi hapendi baridi, na tena nzi si daktari, ametoka chooni bila kunawa. Hakunisikia. Miaka yangu yote ya kazi nilipigana na habari hiyo ya nzi, na nikawa naicheka waziwazi. Lakini niwaambie ukweli wangu wote: nikikuta nyama wazi mezani na samaki pembeni, na nzi wote wako kwa samaki tu, mimi pia naondoka. Nashuku nzi, na nashuku nzi asipokuwepo.

Jambo la mwisho la ufundi ni njia ya kurudi. Nunua nyama mwisho kabisa, baada ya sabuni na chumvi na maneno ya kusalimiana. Ukipanda moto, yaani pikipiki, usiiache ining'inie karibu na bomba la moshi, nimeona watu wanafika nyumbani na nyama iliyoanza kuiva upande mmoja. Fika, ipike. Kama umeme haueleweki, ipike yote siku hiyo hiyo au ikaushe kwa moshi. Frigo isiyo na umeme ni kabati.

Sasa kuna swali.

Patron alikuwa na tabia ya kusimama nyuma yetu mikono kifuani. Akiwa pale, huwezi kumwambia mteja kwamba nyama haifai, utapoteza kazi kabla ya chakula cha mchana. Muzee Saidi akabuni njia. Nyama ikiwa mbaya, alimwuliza mteja kwa upole, "Mama, unaenda kupikia nani?" Nyama ikiwa nzuri hakuuliza kabisa, alikuwa mtu asiyependa habari za watu. Wateja wa zamani walielewa. Mama akisema anapikia watoto, yeye alijibu tu kwamba leo sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ni wazuri sana, na mama alienda kununua sambaza.

Patron alilisikia swali hilo na likamfurahisha. Aliona ni adabu nzuri ya biashara. Akatukusanya wauzaji wote akatuamuru tumwulize kila mteja anapikia nani, iwe desturi ya duka. Siku hiyo mimi nikafikiri Muzee Saidi ameshindwa. Kesho yake alinielekeza: muuzaji akiuliza mara moja, ni adabu ya patron. Akiuliza mara mbili, mteja akimbie. Nami nilimfundisha hivyo Furaha, aliyekuja baada ya Muzee Saidi kurudi kwao Kasongo, na Furaha alinipenda kama mama yake mpaka siku niliyovua kofia nikaondoka.

Nimewasimulia haya yote ili niwafikishe kwenye sherehe ya Masika.

Masika alipata mchumba, Kakule, kijana wa Butembo. Angekuwa mwalimu ningetulia, angekuwa fundi cherehani ningecheza. Alikuwa dereva wa lori. Nilipoambiwa tu nikaanza kushuku, maana mimi naijua njia ya Beni na vituo vyake vyote, na ninajua dereva anaweza kuwa na sufuria inayochemka kwenye kila kituo. Masika alisema Kakule si babu yake. Nikamwambia wote wanaanza wakiwa si babu yake. Kila kijana huyo alipokuja nilimkagua tangu viatu mpaka macho, na sikupata kosa, na kutopata kosa kulinitia shaka zaidi.

Kwenu sijui, ila katika familia yetu mahari ni mbuzi, na mbuzi hao wana sheria yao. Wakifika wanafungwa uani, wanakula majani, wanaangaliwa. Maadamu hakuna hata mmoja aliyechinjwa, wazee wa binti bado wanaweza kuwarudisha na neno likafa. Siku anapochinjwa mmoja, basi, binti ameondoka. Na anayesema wachinje ni mkubwa wa nyumba. Kaka zangu wote wametangulia, kwa hiyo mkubwa ni mimi. Nilikuwa nimemwambia Masika wazi kwamba mbuzi wa Kakule watakaa uani muda mrefu. Alilia kidogo, kisha akaacha kunisemesha.

Mbuzi walifika siku moja kabla ya wageni. Wageni wenyewe, baba zake wadogo Kakule na shangazi zake, walikuwa wanakuja Jumamosi kutoka Butembo, na mnajua safari ya siku hizi ilivyo, wanaofika wanafika na vumbi na hasira. Kuwapokea watu hao bila nyama ni kuwaambia hatuwataki. Mbuzi wa mahari hawaguswi. Kwa hiyo nyama ya kununua ilikuwa lazima, na kazi hiyo nilipewa mimi. Nani mwingine?

Wiki hiyo njia ya Masisi ilikuwa imefungika, ng'ombe hawakushuka. Jumamosi nilizunguka masoko asubuhi na mapema, meza zilikuwa tupu, na palipokuwa na nyama palikuwa na mifupa na maneno. Ikabaki supermaketi yangu ya zamani. Nilienda na moyo mzuri, kwa sababu mkubwa wa kaunta sasa ni Furaha.

Nilipoingia niliiona kutoka mbali. Nyama nyingi, ya ng'ombe, nyekundu, yenye unyevu. Furaha alinisalimia kwa kupiga goti kidogo kama zamani, lakini hakucheka. Nyuma yake alisimama patron mpya, mtoto wa yule wa zamani, mikono kifuani vile vile. Aliniita kwa jina, akaniambia, "Mama Kavira, chukua bila wasiwasi. Hii ni ya leo asubui, hata iko bado moto."

Niliweka kidole. Ilikuwa na joto. Ilirudi, lakini kwa uvivu. Nikanusa nikapata harufu ya ndimu, na chini ya ndimu sikupata kitu. Nyama ya asubuhi inanukia nyama, kwa nini hii inukie ndimu? Lakini hapa niwaambie jinsi moyo unavyofanya kazi. Nilikuwa nawaona wageni wanashuka kwenye gari. Nilikuwa namwona Masika. Nilitaka nyama hiyo iwe nzuri, na pua yangu, ambayo haijawahi kunidanganya, ilianza kunitafutia maneno: labda ndimu ni ya kusafishia meza, labda mimi nimezeeka. Nikamwambia Furaha anikatie.

Furaha alichukua kisu. Akauliza, "Mama, unaenda kupikia nani?"

Nikamjibu ninapikia wageni wa Masika, wakwe zetu wanatoka Butembo. Patron alitikisa kichwa kwa kuridhika, adabu ya baba yake bado inaishi. Furaha aliweka nyama juu ya mizani, akaitoa, akafuta kisu ambacho hakikuwa kichafu. Hakuniangalia.

"Samahani mama," akasema. "Unaenda kupikia nani?"

Watoto wangu, hiyo ilikuwa mara ya pili. Niliogopa kwanza kwa ajili ya wageni, halafu, nilipomwona patron amegeuza shingo, niliogopa kwa ajili ya Furaha. Mtu hasahau jibu alilopewa sasa hivi. Nikiondoka kimya tu, patron angeunganisha maneno, na Furaha ana watoto wanaokula kutokana na kaunta ile. Ilibidi niondoke kwa sababu yangu mwenyewe, sababu kubwa na ya kijinga ambayo dunia nzima itaiona.

Basi niliinua mikono nikapaza sauti mpaka kwenye rafu za maziwa. "Nzi iko wapi hapa? Nyama yenye nzi inaikimbia, mi siwezi kupikia watu."

Mimi, Kavira, niliyeicheka habari ya nzi maisha yangu yote, nilisimama pale nikaihubiri. Nilisema dawa ya maiti. Nilisema habari ya binamu yangu aliyevimba ulimi, na sina binamu wa namna hiyo. Patron alinisihi, kisha akacheka, akawaambia watu kwamba Mama Kavira amezeeka sasa. Furaha naye akacheka, kama inavyotakiwa. Lakini wanawake waliokuwa nyuma yangu hawakucheka. Mmoja alirudisha mfuko wake juu ya kaunta, na mwingine akafuata. Nilitoka na kipande cha sabuni, nikapanda moto mpaka Katoyi.

Nyumbani masufuria yalikuwa motoni yakisubiri. Masika alichungulia kikapu changu, akaona sabuni. Nilimweleza yote, ndimu, swali, mara mbili. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza.

"Haukumupenda hata siku moja, Koko," akasema. "Leo njo umepata njia."

Iliniuma kuliko maneno yote niliyopata kuambiwa. Mtu aliyeshuku kila kitu kwa miaka yote hiyo, siku anaposhuku kwa haki, nani atamtofautisha? Ningekuwa yeye nami nisingeniamini. Na wakati huo huo gari lilikuwa linapiga honi mlangoni.

Wageni waliingia na Kakule, wakiwa wamechoka. Tuliwapa maji na viti. Baba mdogo wa Kakule, mzee mnene mwenye fimbo, alivuta hewa mara moja tu, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba moshi wa hapa ni wa maharagi. Shangazi zake wakaangaliana. Kakule mwenyewe aliondoka kwenye kiti chake akaenda uani kuwapa mbuzi majani, akawa anavuta kamba ya mmoja iliyokuwa imemkaza shingo, akailegeza taratibu, akaifunga upya. Nilimtazama kupitia dirishani. Nilitafuta kosa katika mikono ile kwa muda mrefu, kwa tabia tu.

Nikatoka uani. Masika alinifuata na mwiko mkononi. Wazee nao waligeuza viti, kwa kuwa walidhani naenda kuwafungulia mbuzi warudi nao, na sijui kama nilipokuwa nikitembea sikuwaza hivyo kidogo. Muzee Saidi alinifundisha nyama haiwezi kuapa na mtu anaweza. Hakunifundisha nifanye nini na mtu ambaye hakuapa, amelegeza kamba tu.

"Mufungue ile mbuzi nyeupe," nikasema. "Muichinje."

Mwiko wa Masika ulianguka. Shangazi mmoja akapiga kigelegele, wengine wakaitikia, na yule mzee wa fimbo akaondoa kofia yake. Mbuzi aliyeingia ndani ya sufuria harudi Butembo. Nilijua hilo kuliko wote waliokuwa pale.

Nilisimamia kazi yote. Sikuwaruhusu waiweke juani, niliagiza itundikwe kivulini nyuma ya nyumba ipoe kidogo kabla ya kukatwa, ingawa wazee walinung'unika kwa njaa. Saa kumi sahani zilianza kutoka. Furaha alifika kutoka kazini, kazi yake ikiwa bado salama, akasimama karibu na mlango. Nikamsogezea kiti.

Kwa desturi kipande cha kwanza ni cha mkubwa wa nyumba. Masika alikileta mwenyewe na kukiweka mbele yangu, akabaki amesimama. Watu wa kwetu wote walikuwa wananijua, na wageni walikuwa wameshahadithiwa, wote walikuwa wanangoja pua ya Kavira. Niliinua kile kipande. Kakule aliinama kidogo kutoka upande wa pili wa meza.

"Koko, unuse tu," akasema. "Tunajua ni kazi yako."

Nikamwangalia, nikamwangalia Masika. Nikakitia mdomoni.

Ndiyo, nilikula bila kunusa, mara moja hiyo tu, na Masika alikaa pembeni yangu akaegemea bega langu kama alipokuwa mdogo. Ninyi, nuseni.